Kila Pia na Zama Zake

Wizard Rod si pia nzito kuliko zote. Ukikiweka kichwa chake cha chuma kwenye mizani utasoma gramu 35 hivi, ilhali Phoenix Wing, iliyotangulia kutoka, inakaribia 38. Haina pembe kali za kumtisha mtu, wala haina sura ya kumvuta mtoto dukani. Kwa mbali ni pete nene tu ya chuma. Lakini tangu iingie madukani Japani mwaka 2024, mchezaji wa Beyblade X anayejiandaa kwa mashindano ana swali moja la kuanzia: naipanga Wizard Rod, au napanga ya kuiangusha Wizard Rod? Hata asiyeipenda anaiwaza anapofunga begi lake.

Hali hiyo ya pia moja kukaa vichwani mwa watu wote wachezaji huiita meta. Ni jumla ya yale ambayo kila mmoja anatarajia kukutana nayo siku ya mashindano. Haiandikwi na yeyote wala haipigiwi kura, na haitulii. Nimeifuatilia kwa muda mrefu, na nadhani wengi wetu tunaisoma vibaya. Tunaizungumzia kana kwamba ni msako wa pia bora: leo tumefika hapa, kesho tutafika pale, na ipo siku itapatikana ile isiyoshindika. Mimi naamini pia hiyo haijawahi kuwepo na haitakuwepo. Nguvu ya pia haimo ndani ya pia. Imo kati yake na ile inayokutana nayo, na hiyo nyingine haiachi kubadilika.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika, Beyblade ni pia za kupigana zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1999 na kampuni ya Takara, ambayo mwaka 2006 iliungana na Tomy. Vizazi vyake ni vingi: zile za plastiki za mwanzo, Metal Fight ya mwaka 2008, Burst ya 2015, na hii Beyblade X iliyotoka Julai 2023. Wachezaji wawili wanasimama pembeni ya uwanja wa plastiki wenye kina kifupi, wanahesabu pamoja, wanavuta kwa nguvu, na pia mbili zinaanguka ndani na kuanza kugongana. Inayosimama mwisho, au inayomtoa mwenzake nje, au inayomvunja vipande, ndiyo mshindi. Kwa kawaida pia ya Beyblade X ina sehemu tatu: kichwa cha chuma juu, kiungo katikati na ncha chini. Kila sehemu hung'oka, ikawekwa nyingine. Watengenezaji wanauza vipande, kupanga ni kazi ya mchezaji, na kwa kuwa vipande ni vingi, mipango inayowezekana haihesabiki kwa vidole.

Ubabe wa Wizard Rod unaeleweka kwa yeyote aliyepita kwenye fizikia ya sekondari. Uzito uliosogezwa mbali na kitovu ni mgumu kuuzungusha na ni mgumu vilevile kuusimamisha. Ukiusogeza mara mbili mbali zaidi, ukaidi wake unakua mara nne. Wabunifu wa Wizard Rod waliubana uzito wake ukingoni. Phoenix Wing ina chuma kingi zaidi lakini haikukigawa hivyo, na ndiyo maana gramu 35 zilizokaa mahali pake zinazishinda gramu 38 kwa kudumu.

Kisha kuna ncha, ambayo wageni wa mchezo huu huidharau. Ncha bapa inasugua sakafu kwa eneo pana, na msuguano huo huisukuma pia ikakimbia uwanja mzima. Ni ncha ya kushambulia, na huchoka mapema. Ncha iliyochongoka husimama kwa nukta moja, haihangaiki, ila ikianza kuinama huna tena cha kuitegemea. Ncha ya duara ndiyo iliyofaa Wizard Rod, kwa sababu pia ikiinama bado inakuta mviringo chini yake.

Ziangalie sekunde za mwisho za raundi ambayo Wizard Rod yenye ncha ya duara inapambana na pia nyingine ya uvumilivu. Kwanza mlio unabadilika: ule mvumo mwembamba unashuka, unakuwa mzito, na ndani yake unaanza kusikia mikwaruzo. Halafu rangi zinarudi. Kitu kilichokuwa ukungu kinaanza kuonyesha michoro, kisha umbo, na unaweza kutofautisha upande mmoja wa chuma na mwingine. Mwamuzi amechuchumaa hadi macho yake yako usawa wa uwanja. Pia zote mbili zimelala upande, zinaviringika kwa ukingo wao kwenye mduara mdogo katikati. Moja inagusa sakafu kwa ukingo wa chuma, inaruka kidogo, inakufa. Nyingine inafanya mizunguko miwili zaidi. Raundi imeamuliwa na tofauti ya nusu sekunde, na aliyeshindwa anajua kabisa kwamba nusu sekunde hiyo ilipatikana siku nyingi kabla, mezani, alipochagua ncha.

Sasa zisome kanuni za pointi uone jambo la ajabu. Katika Beyblade X, kushinda kwa kudumu kunakupa pointi 1. Kumtupa mpinzani kwenye mifuko ya pembeni ni pointi 2, kumvunja vipande ni 2, na kumtoa kupitia lile tundu la kati la ukingoni, ambalo ndilo gumu zaidi, ni 3. Anayefikisha pointi 4 ameshinda mechi. Mshambuliaji anaweza kumaliza kazi kwa mapigo mawili, ilhali mvumilivu anahitaji raundi nne. Isitoshe, uwanja wenyewe umewekewa reli yenye meno pembezoni, na ncha zina meno ya kuinasa. Pia ikiishika reli hiyo hufyatuka kwa kasi ya kutisha kuelekea kwa mpinzani. Kila kitu kimepangwa ili mwenye fujo ashinde. Mbona basi mvumilivu ndiye aliyetawala?

Kwa sababu ya mkono wa mtu. Pia ya kushambulia inataka irushwe kwa pembe fulani na kwa nguvu fulani ili iishike reli kwa wakati wake. Ikikosea inazunguka bure hadi inaishiwa, au inajitupa nje yenyewe na pointi zinakwenda upande wa pili. Nyumbani mchezaji hurusha vizuri mara nyingi mfululizo. Siku ya mashindano, watu wamemzunguka na mwamuzi anahesabu, mkono unakuwa mkono mwingine. Wizard Rod inasamehe. Irushe sawasawa tu, ikae katikati, itajitetea. Meta nyingi zimetawaliwa na pia zinazosamehe, na nadhani anayechambua vyuma peke yake, bila kuifikiria hofu ya mrushaji, hawezi kuielewa hata moja.

Jibu lilikuja. Julai 2024 ilitoka Cobalt Dragoon, pia ya kwanza ya Beyblade X kuzunguka kushoto. Pia mbili zinazozunguka upande mmoja zikigusana, kingo zao zinakwenda kinyume, kwa hiyo zinagongana kwa kishindo. Zikizunguka pande tofauti, kingo zinakwenda njia moja kama magurudumu mawili ya meno yanayosukumana, na badala ya kishindo kunakuwa na kugawana. Yenye kasi inampa isiyo na kasi. Mvumilivu aliyejiwekea akiba ya mzunguko kwa ajili ya sekunde za mwisho anajikuta ameigawa akiba yake kwa adui, na sasa wote wawili wanakwenda sambamba hadi mwisho. Hapo mshindi si mwenye akiba kubwa tena. Ni yule ambaye pia yake inajua kuinama bila kufa.

Waliocheza Metal Fight utotoni hawakushangaa hata kidogo. Walishaliona jambo hilo kwa Meteo L-Drago, iliyozunguka kushoto na kuvishwa mpira kwenye kingo zake makusudi ili inase mzunguko wa mwenzake na kuunywa. Ilitikisa kila kitu. Pia nzito zilizokuwa zikijivunia kudumu, Basalt mojawapo, zilijikuta zinamlisha adui. Ndipo wachezaji wakajifunza jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha habari hii yote. Meteo L-Drago ilikuwa na nguvu kwa sababu wengine wote walizunguka kulia. Walipokuwa wengi walioipanga, ikaanza kukutana na nduguye: kushoto kwa kushoto. Hapo kingo zinakwenda kinyume, hakuna cha kunyonya, kuna kugongana tu. Mwizi hana faida katika mji wa wezi. Chuma chake kilikuwa kilekile na mpira ulikuwa uleule, na bado thamani yake ilishuka kwa sababu tu majirani wameongezeka.

Kwa hiyo mtu akiuliza Meteo L-Drago ilikuwa na nguvu kiasi gani, hakuna jibu mpaka aseme ni mwezi gani, katika mji gani, na wangapi walikuwa nayo mifukoni.

Haya hayakuanza na Takara. Beyblade yenyewe imetokana na beigoma, pia ndogo za Japani ambazo asili yake ni kome wa baharini waitwao bai: ganda la kome lilijazwa mchanga, likazibwa kwa nta, likazungushwa kwa kamba. Katika karne ya 20 zikawa za chuma cha kuyeyusha, na mji wa Kawaguchi katika mkoa wa Saitama, unaojulikana kwa kuyeyusha chuma, ukawa miongoni mwa makao yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chuma kilipotakiwa kwa silaha, zikatengenezwa za kauri. Baadaye zikachorwa majina ya wachezaji mashuhuri wa besiboli. Uwanja ulikuwa turubai lililotandazwa juu ya pipa au ndoo na kubonyezwa katikati. Aliyeshinda aliichukua pia ya aliyeshindwa, ikawa mali yake moja kwa moja.

Mtoto wa vichochoro vya Tokyo hakuwa na vipande vya kubadilisha. Alikuwa na tupa, au kama hana tupa, alikuwa na ukingo wa barabara. Alichuchumaa akaisugua beigoma yake kwenye saruji, akaigeuza, akaisugua tena, akapitisha kidole kwenye pembe kusikia kama imekuwa kali. Aliipunguza urefu ili iingie chini ya mwenzake na kumwinua. Pia fupi ikimpiga pia ndefu, inampiga kiunoni. Basi wote wakaanza kufupisha, na mara pia zote zilipokuwa fupi, ufupi haukuwa faida tena. Sasa kilichotafutwa kilikuwa ukali wa pembe, au uzito, au mkono unaoweza kuidondosha pia palepale inapotakiwa. Mtoto aliyechonga pia ya mti kwa kisu hapa kwetu na kuirusha kwa kamba ataielewa hali hiyo bila kufundishwa. Kinachonigusa kwenye beigoma ni kwamba kiwanda kilitoa chuma tu. Meta ilitengenezwa kwa tupa, na kilichosonga mbele ni maarifa ya watoto wenyewe.

Kitu kama hicho kilibaki hata katika zama za viwanda vikubwa. Storm Pegasus ya Metal Fight ilikuwa na ncha ya mpira bapa iliyoitwa RF. Ikiwa mpya ilikuwa kali mno: ilikimbia hovyo, ikajigonga, ikaishiwa. Ilipotumika, mpira ulilika taratibu, na ikafika wakati ambapo ilikimbia kwa mpangilio, ikichora uwanjani mfano wa petali za ua, ikirudi katikati kila mara kumfuata mpinzani. Wachezaji wakubwa waliitunza ncha ya namna hiyo. Waliitoa siku ya mashindano tu, wakairudisha mahali salama. Ikilika kupita hapo, haikufaa tena kwa kazi ile. Huwezi kuikuta dukani ncha iliyolika kiasi chake. Ilibidi uifanye mwenyewe, kwa kucheza.

Naitaja kwa sababu kuna lawama moja kubwa juu ya mchezo huu, nayo ni ya kweli: kwamba meta hubadilika pale kampuni inapotaka kuuza. Pia mpya inatoka, ya zamani inashindwa, mzazi anatoa hela. Siwezi kuikana. Wizard Rod haikuchongwa na mtoto yeyote. Ilitoka kwenye meza ya wabunifu, na mvumilivu aliyekuwepo kabla yake, Wizard Arrow, akasukumwa kando ndani ya muda mfupi. Kilichonikera zaidi ni vile visanduku vya bahati, ambavyo mnunuzi hajui ndani yake kuna ipi mpaka afungue. Shark Edge, iliyokuwa silaha ya kutisha ya ushambuliaji mwanzoni mwa Beyblade X, ilitoka kwa njia hiyo. Watoto wawili wenye akili sawa na mikono sawa walikwenda dukani siku moja, mmoja akatoka nayo na mwingine akatoka na kitu asichokihitaji. Hapo tumeacha kupima ujuzi, tunapima mfuko wa baba.

Lakini waandaaji wa mashindano waliweka kanuni moja ambayo naiheshimu kuliko ubunifu wowote wa chuma. Katika mechi za pia tatu kwa tatu, mchezaji huleta pia tatu, na hakuna sehemu inayoruhusiwa kurudiwa. Ukitumia Wizard Rod, umeitumia mara moja. Ukitumia ncha ya duara kwenye ya kwanza, ya pili na ya tatu zitafute ncha nyingine. Kanuni fupi kama hiyo imebadilisha swali zima. Mtawala anaruhusiwa kutawala theluthi moja tu ya mechi. Theluthi mbili zilizobaki zinaamuliwa na pia za daraja la pili, vipande ambavyo watu walivisahau, na mpangilio: nani atangulie, nani afuate, nani awekwe mwisho. Mchezaji mzuri hujulikana kwa pia yake ya tatu. Yeyote anaweza kuwa na Wizard Rod. Si kila mtu anajua cha kufanya na kilichobaki kwenye boksi baada ya vipande vizuri kwisha.

Na hapo ndipo unapoona watu wanavyowazana. Kama nadhani utatanguliza Wizard Rod, natanguliza mshambuliaji. Wewe unajua kwamba nadhani hivyo, kwa hiyo unatanguliza ya kumzuia mshambuliaji, ukaificha Wizard Rod hadi raundi ya pili. Mimi nami najua kwamba unajua. Mashindano rasmi ya Japani yana daraja la watoto wa miaka 6 hadi 12 na daraja la wazi ambapo mkubwa na mdogo wanaweza kukutana, na hakuna kinachonifurahisha kuliko kumwona mtu mzima mwenye boksi kubwa la vipande akisomwa mawazo na mtoto wa miaka tisa aliyemtazama vizuri raundi zilizopita.

Wizard Rod itapita. Dalili ya kupita kwake si kutokea kwa pia itakayoipiga mara zote. Ni siku ambayo watu watakuwa wameizoea kiasi cha kuacha kuipanga, wakijua kila aliyeko ukumbini amekuja na dawa yake. Siku hiyo dawa zitakuwa nyingi kuliko ugonjwa, na zile dawa zenyewe zina udhaifu wake: mshambuliaji aliyeletwa kumpiga mvumilivu atakutana na washambuliaji wenzake, na mmoja atakayethubutu kuirudisha Wizard Rod wakati kila mtu ameisahau anaweza kuondoka na kombe.

Ombi langu ni kwa wanaoandaa mashindano na wanaouza. Waandaaji, shikilieni kanuni ya kutorudia sehemu, na iwekeni hata kwenye mashindano madogo ya mtaani, kwa sababu ndiyo inayompa nafasi mwenye vipande vichache na akili nyingi. Wauzaji, kichwa au ncha yenye uwezo wa kuamua mashindano iwekeni rafuni peke yake, kwa bei inayosomeka, na visanduku vya bahati vibaki kwa ajili ya rangi na mapambo.